Kijana mpole naye anaongoza, tuacheni kuchagua kwa mdomo

Msimu huu wa kuchagua viongozi wa mabaraza ya vijana kwenye mashehia (maeneo madogo ya utawala huku Zanzibar, kila moja na sheha wake) malalamiko yamezidi, na mengi ni yale yale, kijana kajaza fomu yake vizuri halafu siku ya kujieleza anaambiwa "wewe huna sauti" karudishwa nyumbani.

Huyo anayeitwa hana sauti pengine ana haya, pengine ana usonji (autism), na hivyo si kitu kimoja jamani, haya ni tabia tu, usonji ni namna ubongo unavyofanya kazi, mtu kazaliwa nao, na wote wawili hawajalogwa. Dua haina ubaya, ila kumnywesha mtoto makombe (maji yaliyooshewa maandishi ya aya) ili awe msemaji, hili tunalikataza kila mwaka na kila mwaka tunalikuta.

Gandhi huyo aliyewasumbua Waingereza, kesi yake ya mwanzo kule Bombay alisimama amhoji shahidi, maneno yakamkimbia, akakaa kitako kesi akaiacha. Greta Thunberg wa Sweden ana usonji, 2018 alianza peke yake na bango nje ya bunge, kashika jambo moja hakuliachia.

Na huku kwetu Pemba kuna kikundi cha mwani, binti mmoja humo hakutazami usoni, watu wakijaa anatoka nje. Lakini kila bamvua, maji yanapokupwa sana watu wakavuna, anaandika kilo za kila mwenzake, mbichi mbali mkavu mbali. Mnunuzi alipoleta mzani wake kilo zikawa zinapungua, wenzake wakapiga kelele weee bila faida, yeye kasogeza daftari tu pale kwenye mkeka, limepangwa kwa tarehe. Mzani ukabadilishwa. Sasa hivi bei haikubaliwi mpaka aulizwe yeye, na kikaoni bado hasemi maneno matatu.

Sasa utaratibu, usomeni mana ndo mnapokosea. Ajenda itumwe siku moja kabla, WhatsApp inatosha. Mgombea akiomba kujibu kwa kuandika, au mbele ya watu wachache, aruhusiwe, na ombi liingie kwenye muhtasari, likikataliwa sababu iandikwe pia, mwenyekiti na katibu wasaini wote wawili. Mzazi ukimsindikiza usimjibie. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, Tanzania imeuridhia 2009, kifungu cha 2 kinasema kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana ni ubaguzi, na cha 29 kinagusa khasa kushiriki kwenye uongozi. Mwenye haya tu mkataba huo haumtaji, ila hiyo si ruhusa ya kumbeza.

Malalamiko yaanzie kwa sheha, kwa maandishi, na tarehe ya kikao na majina ya waliokuwepo. Voisi ya dakika nane saa sita za usiku hatuwezi kuifungulia faili.