“Tumeikata, Mbona Kazidi?”

Mwezi huu tu nimeshaambiwa mara nne, hapa dukani kwangu Chake Chake: “Dawa ya bibi ilikuwa ikimtapisha, tukaikata.” Anayesema huwa kashika boksi la donepezili, karatasi ya vidonge imetobolewa nusu. Nikimuuliza lini, ni tokea juma lililopita. Halafu ndiyo analitoa lililomleta: mbona bibi sasa hamjui hata mwanawe?

Hakuna dhana inayonichosha kama hii, kwamba dawa ya dimensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu, kama hiyo donepezili, unaiacha siku hiyo hiyo, kama panado kichwa kikishapoa. Kichefuchefu, kuharisha na kukosa hamu ya kula huja zaidi mwanzoni, au kipimo kinapopanda kutoka miligramu 5 hadi 10, na kwa wengi hupungua wenyewe. Mpeni akishakula, hata kama ni uji tu. Yakizidi, daktari humrudisha kwenye 5. Ikiamuliwa iachwe kabisa, hushushwa: 10 iwe 5 kwa wiki nne hivi, ndipo ikome, na nyinyi nyumbani mkimtazama. Akiporomoka, rudini upesi, kwani yaweza kurejeshwa. Lakini msiikate wiki tatu kisha mkamrudisha wenyewe kwenye 10. Mwili umeshaisahau, atatapika upya. Ramadhani ndiyo msimu wa kosa hili. Kidonge ni kimoja kwa siku, kinamezeka baada ya futari, sasa cha kukatizia nini?

Dalili za hatari ni jambo jengine. Akizimia, akipata choo cheusi kama lami, au mapigo yakiwa chini ya 50, msimpe kingine, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Mapigo shikeni kwenye kifundo cha mkono na mhesabu dakika nzima, si robo mkazidisha. Anayetumia na atenololi ya presha ahesabiwe mara kwa mara, maana nayo hupunguza mapigo.

Na yapo maneno mengine ninayoambiwa hapa. “Haimponyi.” Haiponyi, wala haikuahidi. Inazishika dalili kwa muda. Aliyebaki vile vile miezi sita kafaidika.

“Ndoto za kutisha ni shetani.” Donepezili ya usiku huleta ndoto kali. Ihamishieni asubuhi. Kombe, maji ya aya, mnywesheni mkitaka, ila saa ya kidonge ibadilisheni kwanza.

“Piriton ya kumlaza haina neno.” Ina neno kubwa! Donepezili huongeza asetilikolini, kemikali ya ubongo inayosaidia kumbukumbu, Piriton inaizuia. Mmenunua dawa mbili zinazovutana kamba, na mzee katikati kachanganyikiwa, anayumba akienda chooni. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu, nayo ni hivyo hivyo.

Ndiyo maana siku hizi sitaki kuonyeshwa boksi moja. Nataka mfuko mzima, na za mafua mlizonunua kwengine zimo. Juzi kijana mmoja aliumwaga mbele yangu: donepezili, ya presha, karatasi mbili za Piriton. Moja nilimuuzia mimi mwenyewe, wala sikumuuliza ni ya nani.