Kasoma kompyuta, kasoma nini?

"Mwalimu, kijana wangu kasoma kompyuta miezi mitatu, cheti anacho, mbona kazi hapati?" Nafundisha mitandao hapa Dar es Salaam, na mwezi huu pekee nimeulizwa hivyo mara nne. Safari ya nne baba mtu alikuja na cheti chenyewe, kimepigwa laminesheni. Nikakisoma: Word, Excel, PowerPoint, intaneti na barua pepe. Nikamgeukia kijana: "Ukinunua umeme wa LUKU kwa simu, ombi lako linapita wapi mpaka zile tarakimu 20 zikurudie?" Akatabasamu. "Si zinatoka Tanesco?"

Hapo ndipo wengi walipokwama: wanadhani TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano) ni kujua kutumia kompyuta. Jamani, Word anaihitaji mhasibu, muuguzi na karani wa mahakama. Siku hizi ni sawa na kujua kusoma na kuandika, na sijaona tangazo la kazi linalotafuta mtu anayejua kusoma.

Turudi kwenye LUKU, maana kila muhula naanza nayo. Saa nne usiku yuniti zimekwisha. Unapiga nyota na reli, menyu inajitokeza. Kuna mwandishi wa programu aliyeiandika. Kabla yake yupo mchambuzi wa mifumo, aliyekaa na watu wa umeme na watu wa simu akawachosha kwa maswali: mteja akikosea namba ya mita iweje? Pesa ikikatwa na tokeni, yaani zile tarakimu 20, isitoke, nani anarudisha, na baada ya muda gani? (Kazi hii wanafunzi wangu huidharau kwa sababu haina kioo cheusi chenye maandishi ya kijani. Wakishaajiriwa ndipo wanaielewa.) Ombi lako linadakwa na mnara, na mnara una mhandisi wa masafa pamoja na fundi anayeupanda amejifunga mkanda. Kutoka hapo linaingia kwenye mkongo, ile kebo nene ya mawasiliano, linafika kwenye sava, kompyuta zinazohudumia nyingine, zilizo katika chumba chenye baridi kali, ambako kuna watu wa zamu wakati wewe uko gizani. Kanzidata ya mita, yaani hifadhi ya taarifa zake, ina msimamizi wake, anayehakikisha mita yako haichanganywi na ya jirani na kwamba nakala rudufu ipo. Mwingine anakesha akitazama nani anabisha hodi asikokaribishwa; huyo ni wa usalama wa mtandao. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, hata mwanasheria anayeelewa mifumo ana nafasi yake humo. Tokeni isipofika, kuna dada wa huduma kwa wateja anayepokea matusi yako.

Katika mlolongo wote huo hakuna aliyeajiriwa kwa ajili ya PowerPoint, ingawa vikaoni wanatuchosha nayo wote.

Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na Uganda. Wahandisi wa mitandao walihangaika kuhamishia mizigo ya data kwenye njia nyingine. Mimi nilipigiwa simu niende kutengeneza ruta (kile kisanduku cha kugawa intaneti) ya mtu.

Kwa hiyo mzazi, usiniulize "kozi ya kompyuta ni shilingi ngapi". Niulize mwanao anataka kusimama wapi katika safari ya ile tokeni, kisha tutafute kozi.

Mengine yanayosemwa kuhusu TEHAMA nitayapitia haraka. "Mtu wa IT anajua kila chenye waya." Nimeshaletewa pasi. Aliyebobea kwenye kanzidata huenda hajawahi kufungua printa, na haoni aibu.

"Bila kuwa bingwa wa Hisabati usijaribu." Inategemea mlango. Ukitaka uchambuzi wa data, takwimu hazikwepeki, na vyuo vingi vitaangalia alama yako ya Hisabati unapoomba shahada. Kwenye mitandao utahitaji kuhesabu kwa sifuri na moja, kwa kuwa anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni) ya toleo la nne ni biti 32, yaani sifuri na moja 32. Aliyetulia analielewa hilo ndani ya wiki moja.

Anayesema hii si kazi ya wasichana amtafute Grace Hopper, mwanamke Mmarekani aliyeunda mojawapo ya kompaila (programu za kugeuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa lugha ya mashine) za kwanza duniani mwaka 1952. Sina la kuongeza.

"Akili mnemba imemaliza kazi zote." Inaandika programu, ndiyo, tena kwa haraka. Inakosea pia, bila kusita wala kuona haya, na wa kuligundua kosa ni yule aliyejifunza kuandika mwenyewe. Mnara nao haijaanza kuupanda.

Halafu kuna hii ya laptop ya milioni mbili. Mzazi anajinyima, ananunua, na kijana anachezea mpira wa kwenye kioo. Kwa kuanzia inatosha iliyotumika, yenye kumbukumbu ya kazi (RAM) ya GB 8 na diski ya kasi ya SSD, uweke Linux, mfumo endeshi ambao ni bure. Chenji inayobaki mnunulie ruta kuukuu, swichi ya mtandao na mita chache za kebo. Avichomoe, avivuruge, nyumba nzima ikose intaneti jioni moja, avirudishe mwenyewe.