Jongoo na Mti Wake

Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Sisi tunaohifadhi wadudu na jamaa zao twafanya kinyume: jongoo tunamtunza, na mti wake pia. Mti wenyewe ni kijikaratasi kinachokaa naye ndani ya chupa ya spiriti, kimeandikwa kwa penseli kwa kuwa wino wa kawaida huyeyuka: msitu gani, mwinuko gani, tarehe, nani kamwokota. Karatasi ikipotea, hata jongoo mgeni kabisa hana tena pa kutokea.

Watu huniuliza kwanza idadi ya miguu. Haisaidii sana. Majongoo wengi huongeza pete za mwili na miguu kila wanapojivua gamba, hivyo mtoto na mzazi hawalingani. Wa kutazamwa ni dume, tena chini ya darubini, kwenye pete ya saba. Hapo, kwa majongoo wengi wa kwetu, miguu imegeuka kuwa viungo vya kupitishia mbegu, vyenye ndoana, mikunjo na vijimiiba. Kila spishi ina umbo lake, kama kila kitasa kilivyo na ufunguo wake. Ukipata majike na watoto tu, mara nyingi unarudisha chupa kabatini na kusubiri.

Ukiona umbo usilolijua, bado huna spishi mpya. Sharti ulilinganishe na yote yaliyokwisha kuandikwa, na sampuli nyingi za zamani za Tanganyika ziko Ulaya, Berlin ikiwemo. Kwa mtafiti aliyeko Morogoro hii ni karaha, sitaficha. Baada ya hapo unateua jongoo mmoja awe holotaipu, yaani ndiye mwenye jina rasmi, unamweka kwenye hifadhi ambayo watafiti wengine wataifikia, unachora, unaeleza tofauti zake na ndugu zake, kisha unachapisha.

Milima ya Udzungwa, Tanzania, ina utajiri wa ajabu wa majongoo. Jongoo haruki, hatembei mbali, na jua kali humkausha. Misitu ya milima hii ikatengana na mingine kwa muda mrefu mno, basi kila mlima ukabaki na wake. Henrik Enghoff, mtafiti wa majongoo wa Copenhagen, ameeleza spishi nyingi za huko. Mwaka 2024 yeye na wenzake walitangaza nyingine 5, mojawapo *Lophostreptus magombera*, iliyopewa jina la msitu wa Magombera katika bonde la Kilombero.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Australia Magharibi. Mwaka 2021 alitangazwa *Eumillipes persephone*, asiye na macho, mwembamba kuliko milimita 1, urefu karibu sentimita 10. Jike mmoja alikuwa na miguu 1,306; wa kwanza kujulikana kupita elfu. Alitoka kwenye shimo lililochorongwa kutafuta madini, kina cha mita 60. Bila ya kuandikwa kina hicho, nani angeamini?

Ukikutana na jongoo msituni, usimshike kwa mkono mtupu: wengi hutoa majimaji yanayowasha ngozi na kuumiza macho. Mpige picha kwa ubavu, kisha uandike mahali na tarehe siku hiyohiyo. Pete ya saba haitaonekana, ila tutajua pa kwenda kumtafuta dume.