Usiku wa Ulaya Dortmund: ukuta wa manjano haukuwa mzima

Wapenzi wengi wa soka huamini kwamba uwanja wa Borussia Dortmund hufurika zaidi usiku wa Ligi ya Mabingwa. Kwa miaka mingi ilikuwa kinyume chake.

Mechi za ligi ya Ujerumani huingiza watu hadi 81,365. Jukwaa la kusini peke yake, lile linaloitwa ukuta wa manjano kwa rangi ya mashabiki wake, hubeba zaidi ya 24,000, wote wamesimama bega kwa bega. Lakini UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilikataza kusimama katika mechi zake: kila shabiki lazima awe na kiti chake. Kwa hiyo kabla ya kila mechi ya Ulaya, viti viliwekwa kwenye ngazi za jukwaa hilo, na uwanja ukashuka hadi watu kama 66,000.

Ule usiku wa Aprili 2013, mshambuliaji wa Dortmund, Lewandowski, alipoifunga Real Madrid mabao manne katika ushindi wa 4-1, ulikuwa katika uwanja huo uliopunguzwa. Kelele zile zilitoka kwa watu wachache kuliko wa Jumamosi ya kawaida, jambo ambalo kwangu linazidisha heshima yao.

Mambo yalibadilika msimu wa 2022/23, UEFA iliporuhusu kwa majaribio kusimama Ujerumani, Uingereza na Ufaransa.

Ukienda, usishtuke tiketi ikiandikwa "BVB Stadion Dortmund". Jina la mdhamini, Signal Iduna Park, halitumiki kwenye mashindano ya UEFA. Uwanja ni uleule.