Mkaa uliokolea, jiki na chupa ya maji: sumu za nyumbani tusizozishtukia

Juni ikiingia, baridi ya Njombe, Makete na Mufindi hupenya hadi mifupani, na jiko la mkaa huhama jikoni likaingia chumbani. Msimu kama huo, katika mafunzo ya kikundi cha akina mama, mmoja wao aliniuliza: "Mtaalamu, mimi jiko naliwashia nje. Nasubiri mkaa ukolee, moshi uishe wote, ndipo naliingiza ndani. Hapo kuna ubaya gani?"

Ubaya upo, tena mkubwa. Mkaa uliokolea, mwekundu ndani na majivu meupe juu, hauungui hadi mwisho, kwa sababu hewa haiyafikii vya kutosha makaa yaliyorundikana katikati. Hapo ndipo inapotoka kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Mtu anaendelea kupumua vizuri kabisa, kumbe moyo na ubongo vinakosa oksijeni. Aliyelala hapati nafasi ya kushtuka. Na ile kanga tunayoisokomeza chini ya mlango kuzuia upepo ndiyo inayoifungia gesi humo ndani na sisi.

Dalili zake zinafanana mno na malaria: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Mkiona watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa hivyo kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, fikirieni jiko kabla ya mbu. Watoeni wote nje, muwahi hospitali, na semeni wazi kwamba chumbani kulikuwa na jiko. Nasisitiza hili kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu iliyobeba gesi hii. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Mjamzito apelekwe hata kama anajisikia vizuri, maana mtoto tumboni huumia zaidi.

Moshi unaoonekana nao si wa kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto wa chini ya miaka 5 zaidi ya 237,000. Tanzania ina lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Najua bei ya kujaza mtungi wa gesi inavyowaumiza wengi, hivyo simlaumu anayepikia mkaa. Ninachomwomba ni kimoja: apikie penye hewa, na usiku jiko lilale nje.

Chooni mambo ni kinyume chake. Huko harufu ipo, tena kali, ila tumejizoesha kuiita harufu ya usafi. Mtu anamwaga jiki, anaona rangi ya kutu haijatoka, anaongeza asidi ya choo juu yake. Vikikutana tu hutoka klorini, gesi ileile iliyotumiwa kuua askari Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini, pale pale ulipochuchumaa unasugua, na pale alipo mtoto anayetambaa. Ukianza kukohoa na kifua kubana, acha kila kitu kama kilivyo, toka, funga mlango nyuma yako. Usirudi kuokoa ndoo. Dawa moja itumike, isuuzwe kwa maji mengi, na kama ni lazima kutumia ya pili, iwe siku nyingine.

Nimalizie na chupa. Mafuta ya taa tunayanunua kwa kipimo na kuyabeba kwenye chupa ya maji ya kunywa. Wanaotengeneza sabuni nyumbani huweka maji ya kostiki, kemikali kali inayounguza, kwenye chupa hizohizo. Wewe mkubwa unajua kilichomo. Mtoto wa miaka miwili mwenye kiu anaona maji.

Akishakunywa, tafadhali sana, msimtapishe. Mafuta ya taa ni mepesi, na yakipanda tena kooni huteleza hadi kwenye mapafu, ambako ndiko yanakoua. Kostiki iliyomuunguza ikishuka humuunguza mara ya pili ikipanda. Msimlazimishe kunywa maziwa pia. Akijaa tumbo hutapika mwenyewe. Mfuteni mdomo, mvueni nguo zilizolowa, mkimbizeni hospitali, na ile chupa mwende nayo ikiwa imefungwa vizuri, ili daktari ajue anatibu nini.