Taa wa Amazoni: kibali, magendo na bei

Msomaji wa pwani anamjua taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, kama kitoweo. Amerika Kusini kuna taa wa ukoo mwingine, Potamotrygonidae, wanaozaliwa, kukua na kufa mtoni bila kuonja maji chumvi. Hawa hununuliwa wakiwa hai, mmoja mmoja, na watu wanaofuga samaki wa mapambo, na mwenye madoa yanayopendwa hufika maelfu ya dola. Ukiuliza kwa nini bei iko juu hivyo, jibu la haraka ni "sheria za Brazili". Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaponza wanunuzi.

"CITES imepiga marufuku biashara ya taa wa mtoni"

Haijapiga. CITES ni mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini. Kinachokaribia marufuku ni Kiambatisho cha I cha mkataba huo, na hakuna taa wa mtoni hata mmoja aliyemo. Tangu Januari 2017 taa wote wa jenasi ya Potamotrygon walioko Brazili wamo katika Kiambatisho cha III, na Kolombia nayo imewaingiza baadhi ya wa kwake. Kiambatisho cha III ni nchi moja kuwaambia wenzake: nisaidieni kukagua karatasi mpakani.

Novemba 2022, katika mkutano wa Panama, spishi saba za Potamotrygon zilipandishwa hadi Kiambatisho cha II: albimaculata, henlei, jabuti, leopoldi, marquesi, signata na wallacei. Utekelezaji ulianza Februari 2023. Hapo biashara bado inaruhusiwa, ila mamlaka ya kisayansi ya nchi inayouza lazima iridhike kwamba uvuvi hauwamalizi samaki, ndipo kibali kitoke. Motoro, taa wa kahawia mwenye madoa ya machungwa ambaye ndiye wa kawaida zaidi madukani, hayumo kati ya hao saba. Kolombia na Ekwado zilijaribu kumwingiza mwaka 2013 kule Bangkok, zikashindwa. Kwa hiyo taa wawili waliolala kwenye tangi moja dukani wanaweza kudaiwa karatasi tofauti kabisa.

"Brazili ikibana, samaki anabaki mtoni"

Brazili imebana muda mrefu. Kanuni ya mwaka 2008 ya IBAMA, mamlaka ya mazingira ya Brazili, ilitaja spishi chache tu zinazoruhusiwa kuuzwa nje kama samaki wa mapambo, kila moja na mgao wake wa mwaka na ukubwa wa mwisho unaokubalika, ili wale wakubwa wanaozaa waachwe. Kwenye karatasi, mpango mzuri.

Sasa tazama ramani. Tabatinga ni mji wa Brazili, Leticia ni mji wa Kolombia, na kati yao ni barabara. Unatembea tu, umevuka. Ng'ambo ya mto ni Peru, na ukifuata maji kuelekea juu unafika Iquitos, kituo kikubwa cha kusafirisha samaki wa mapambo. Kolombia na Peru nazo huuza taa nje kihalali, maana nao wana Amazoni yao. Taa aliyevuliwa upande wa Brazili akishavushwa kwa mtumbwi na kuchanganywa na wa upande wa pili, nani atamtambua? Samaki hana pasipoti. Mgao wa Brazili ulipokuwa mdogo kuliko mahitaji, tofauti ya bei ilimlipa mlanguzi nauli, hatari na faida juu yake. Ndiyo sababu nchi hizo zilikimbilia CITES: sheria ya nchi moja kwenye mto wa nchi kadhaa huvuja.

"Bei kubwa inamnufaisha mvuvi"

La. Mvuvi hupata sehemu ndogo kabisa. Bei hukua njiani: dalali, ghala la msafirishaji, kibali, ndege, vifo vya safarini, muuzaji wa jumla, duka. Taa hafungwi kama samaki wadogo wanaosafiri kwa mamia kwenye boksi moja. Hukaa peke yake kwenye mfuko wake wa plastiki wenye maji ya kutosha na oksijeni, na mwiba wa mkiani huvishwa kifuniko usije ukatoboa mfuko au mkono. Mzigo wa ndege hulipiwa kwa uzito, na hapo uzito mwingi ni maji.

"Mgao ukipunguzwa, bei ya dunia lazima ipande"

Ilikuwa hivyo kwa muda, halafu Asia ikaingia. Wafugaji wa Taiwan, Thailand, Indonesia na Malaysia walinunua taa wachache kwa bei ya kutisha, wakawazalisha. Taa hatagi mayai maelfu. Hubeba mimba miezi kadhaa na kuzaa watoto wachache, hai, waliokamilika. Lakini ukiwa na mabwawa na subira, wachache mara miaka mingi ni wengi. Leopoldi, taa mweusi mwenye madoa meupe ambaye kwa asili anaishi bonde la mto Xingu tu, leo anazaliwa mbali na Brazili, na mtoto wa kawaida wa aina hiyo si anasa tena kama zamani.

Fedha haikupotea, ilihama. Sasa watu hulipia rangi na mpangilio wa madoa: jike mwenye madoa mengi na mduara safi ukingoni anaweza kuwashinda ndugu zake wa tumbo moja kwa mbali sana. Hiyo ni bei ya uchaguzi wa mfugaji, na haielezi chochote kuhusu wingi wa samaki mtoni. Kwa maoni yangu, kubana mto bila kuwapa wavuvi wa Amazoni njia ya kufuga wenyewe kulihamishia biashara Taiwan na Thailand, na sijui kama kuna aliyelikusudia hilo.

"Jina lililoandikwa kwenye kibali ndilo samaki mwenyewe"

Hapa ndipo mambo yanapokuwa ya kuchekesha, kama si ya kusikitisha. Kutoka Rio Negro, tawi la mto Amazoni huko Brazili, taa mdogo anayeitwa cururu aliuzwa nje miaka mingi kwa jina la histrix. Histrix halisi anaishi bonde la Paraná na Paragwai, kusini kabisa. Cururu alipata jina lake la kisayansi, Potamotrygon wallacei, mwaka 2016 tu. Miaka yote hiyo alihesabiwa kwenye mgao kwa jina la kuazima.

Jabuti wa bonde la mto Tapajós, Brazili, ni kisa kingine. Wafugaji wa Asia walikuwa naye kabla wanasayansi hawajamwelezea mwaka 2016. Hakuwemo katika orodha ya Brazili ya wanaoruhusiwa kuuzwa nje. Basi wazazi wa kwanza walitokaje?

"Wa kufugwa hahitaji karatasi"

Swali hilo la jabuti ndilo linalomfuata kila anayezaliwa bwawani. Samaki wa Kiambatisho cha II akizaliwa kwenye ufugaji bado anahitaji kibali akivuka mpaka, na ili atambuliwe kuwa wa kufugwa, wazazi wa mwanzo wanapaswa kuwa walipatikana kihalali.

Chotara nao hawaponi. Wanaochanganya leopoldi na henlei, au leopoldi na motoro, hudhani wameumba samaki asiye kwenye orodha yoyote. Azimio la CITES linasema mnyama chotara anabanwa ikiwa ndani ya vizazi vinne vya karibuni kuna spishi ya Kiambatisho cha I au cha II. Leopoldi na henlei wote wamo. Mfugaji asiye na kumbukumbu za ukoo hana cha kumwonyesha ofisa.

"Wavuvi wa samaki wa mapambo ndio wanaowamaliza"

Wanachangia, hasa kwa spishi ya mto mmoja. Lakini kwenye Xingu lipo bwawa la umeme la Belo Monte, lililoanza kuzalisha mwaka 2016 na kubadili mkondo wa maji katika makazi ya leopoldi. Taa pia huliwa. Na huuawa kwa hofu ya mwiba: karibu na fukwe za mito zenye watalii hukamatwa na kuondolewa, wengine hukatwa mkia na kurudishwa majini. Hao hawamo kwenye mgao wowote.

"Sheria zinazogusa bei ni za upande wa muuzaji tu"

Florida na Texas haziruhusu mtu wa kawaida kufuga taa wa ukoo huu, kwa kuhofia wakitoroka watazaana. Si hofu ya bure: Singapore, motoro wamekutwa wakiishi na kuzaa katika bwawa la maji la Upper Seletar. Kila soko linalofungwa hivyo hupunguza wanunuzi, na muuzaji wa Bangkok huliona hilo mapema kuliko mvuvi wa Rio Negro. Siku hizi taa wawili wenye sura moja wanaweza kuuzwa bei mbili kwa sababu mmoja ana kibali chenye jina sahihi na kumbukumbu za wazazi wake, na mwingine ana maneno ya muuzaji tu.