Kielelezo: maana yake na kazi yake katika nyaraka za kazini

Kitu kikikaa juu ya maji tunasema kinaelea. Jambo likifahamika tunasema pia limeelea: "Maneno yako yamenielea." Kutoka hapo tunapata kueleza, na kutoka kueleza tunapata kielelezo. Kwa sisi wa Tanga, tuliokulia kando ya bahari, neno hili limekwisha kujieleza lenyewe. Kielelezo ni kitu kinacholitoa jambo lililozama na kulipandisha juu, mtu akaliona. Mahakamani neno hilo hilo ni jina la ushahidi unaowekwa mezani, uwe hati, panga au picha. Naupenda ukaribu huo, kwa sababu kielelezo ndani ya ripoti nacho ni ushahidi: kimewekwa pale ili msomaji ahakikishe kwa macho yake.

Katika nyaraka za kazini, yaani ripoti, miongozo ya mashine, mapendekezo ya mradi, matangazo ya usalama, vielelezo ni picha, michoro, ramani, majedwali na grafu zinazofanya kazi ambayo sentensi ingeifanya vibaya au isingeiweza kabisa. Maana yote imo katika neno "kazi". Picha ya watu wakishikana mikono kwenye jalada la ripoti ya matengenezo haina kazi. Ukiiondoa, hakuna atakachokosa msomaji. Mimi huanza na swali moja: msomaji wa ukurasa huu anataka kujua nini? Nikikosa la kujibu, siweki kitu.

Chukua maji ya bahari yetu. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50. Nahodha anayetaka kutoka na chombo Ijumaa anauliza: maji yanajaa saa ngapi, na kina ni mita ngapi? Huyo mpe jedwali. Atashuka na kidole hadi Ijumaa, atasoma namba yake, ataondoka. Lakini fundi anayejenga ukuta ufukweni anauliza jambo jingine: ni siku zipi za mwezi maji hayatafika msingi wangu? Huyo ukimpa jedwali la mwezi mzima umemtwisha hesabu. Mpe grafu, ataona mawimbi ya mstari yakipanda juu sana siku za bamvua, yakinywea siku za maji mafu, na nafasi yake ya kumwaga zege itaonekana bila kuhesabu. Takwimu ni zile zile za bandari ile ile. Kilichobadilika ni swali. Anayetaka namba kamili hupewa jedwali, na anayetaka kujua mwenendo hupewa grafu.

Chati ya duara ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote, na nadhani ni kwa sababu inapendeza. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba jicho hulinganisha vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, kama nguzo zilizosimama kwenye sakafu moja, kuliko pembe au ukubwa wa eneo. Kwa hiyo ukigawa duara vipande saba vinavyokaribiana, msomaji hawezi kukwambia kipi kikubwa bila kusoma namba pembeni, na kama anasoma namba, duara limefanya nini? Lakini lina mahali pake. Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kusaga majani, singa (nyuzi zake) inayopatikana ni kama asilimia 4 au 5 tu ya uzito wa jani. Nyingine yote ni maji na mabaki. Hapo duara lenye kijipande chembamba kama ukucha, na eneo kubwa lililobaki, litamgutusha yeyote anayefikiria biashara ya mkonge ni kuuza singa peke yake.

Grafu ya nguzo nayo ina sharti lake: nguzo zianzie sifuri. Ukikata chini na kuanzia 90, basi 92 na 96 zitaonekana kama moja imeizidi nyingine mara tatu. Msomaji ataamini urefu aliouona, hata kama namba zimeandikwa. Huo ni uongo, hata kama aliyeuchora hakukusudia. Grafu ya mstari inaweza kuanzia kwingine, kwa kuwa pale jicho linafuata mwelekeo, mradi umeandika wazi inaanzia wapi.

Sasa picha ya simu. Kila mtu ana kamera, basi miongozo mingi siku hizi imejaa picha. Picha ina ubaya mmoja: inaonyesha kila kitu kwa usawa. Pampu, kivuli cha mpigaji, ndoo, kamba, doa la grisi. Jicho la mwanagenzi halijui litue wapi. Mchoro wa mistari huchagua: unaacha ndoo, unaacha kivuli, unabakiza vali na mshale unaoonyesha igeuzwe upande gani. Kwa kufundisha hatua za kazi, mchoro hushinda karibu kila mara. Kwa kuthibitisha uharibifu, picha ndiyo yenyewe, ila weka sarafu au rula kando ya ufa kabla ya kupiga. Ufa usio na kipimo pembeni unaweza kuwa wa milimita mbili au wa sentimita mbili, na anayeidhinisha fedha za matengenezo yuko mbali, hataona zaidi ya ulichomtumia.

Kuacha vitu ndiyo nusu ya ufundi huu. Harry Beck alipochora ramani ya treni za chini ya ardhi za London, iliyoanza kugawiwa kwa wasafiri mwaka 1933, aliacha umbali halisi na mipindo halisi ya reli. Aliweka mistari iliyonyooka na vituo kwa mpangilio wake, kwa sababu abiria anataka kujua apande ipi na abadilishe wapi. Wakati mwingine hata ramani yenyewe haihitajiki. Ukimwelekeza fundi bomba Ngamiani, mtaa wetu wa Tanga ambako barabara zimepewa namba, maneno yanatosha: barabara fulani, nyumba ya pili kutoka kona. Ukimpeleka kwenye mtaa ambao haujapimwa, mchoree, na weka mwembe, msikiti na kisima, maana ndivyo atakavyoviona njiani.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa mwaka 1986. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo cha anga cha Challenger, huko Marekani, walijaribu kuwashawishi wakubwa waahirishe safari. Waliogopa kwamba baridi ingezifanya pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi ziwe ngumu na kushindwa kuziba. Walikuwa na haki. Walituma kurasa zao kwa faksi, na ndani yake mlikuwa na majedwali na michoro. Lakini hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliopanga safari zote zilizotangulia kwa jotoridi, kuanzia ya baridi zaidi hadi ya joto zaidi, na kuonyesha kila moja pete zake zilipatwa na nini. Safari zilizorudi salama kabisa hazikuwekwa, kana kwamba hazina la kusema.

Baadaye tume ya uchunguzi iliziweka zote kwenye grafu moja. Safari zote nne zilizoruka maungio yakiwa chini ya nyuzi 18 za Selsiasi zilikuwa na dalili za uharibifu. Juu ya hapo, katika safari kama 20, zilizopata uharibifu zilikuwa tatu. Asubuhi ile ya Januari palikuwa na nyuzi kama 2 tu, baridi ambayo hapakuwahi kurushwa chombo cha aina hiyo ndani yake. Challenger ilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba waliokuwemo wakafa. Sisemi grafu moja ingewaokoa. Palikuwa na haraka, na palikuwa na wakubwa wasiotaka kuahirisha. Lakini ushahidi ulikuwepo mezani bila kuelea. Ndiyo maana, ninapomwona mtu anachagua rangi za chati kabla hajaamua anapanga takwimu kwa kigezo gani, huwa namwomba asimame kwanza.

Na sisi tuna mtego wetu ambao vitabu vya wageni havitautaja: saa. Kompyuta huandika 8:00, na Mswahili husoma nane. Mahali fulani nilipofanya kazi nilichora chati ya zamu, ya nguzo za kulala, saa zikiwa kama kompyuta ilivyoziweka. Kijana aliyepangiwa zamu ya kuanzia 8:00 alikuja saa nane mchana. Alisoma sawasawa kilichoandikwa. Mzee aliyekesha kwenye mashine alikuwa amesimama saa sita zaidi bila wa kumpokea, naye hakulalamika, aliniambia tu, "Mwanangu, hii karatasi yako haijui asubuhi na jioni." Tangu siku ile kila grafu yangu yenye muda huandikwa kwa mkono: saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, saa 2 usiku. Inachukua nafasi kubwa kwenye mstari wa chini, lakini nafasi hiyo naitoa kwa moyo mmoja.

Rangi nitazipitia upesi. Ripoti yako itatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, na nyekundu na kijani zako zitakuwa kijivu kimoja. Wapo pia watu, wanaume hasa, ambao macho yao hayatenganishi rangi hizo mbili. Tumia mistari mshazari, nukta, au andika jina juu ya nguzo yenyewe badala ya kumtuma msomaji kwenye kisanduku cha pembeni.

Kila kielelezo kipewe namba na kitajwe ndani ya maandishi kabla hakijatokea: "kama Kielelezo cha 3 kinavyoonyesha". Maelezo yake yaseme cha kutazama. "Matumizi ya maji, Januari hadi Juni" ni jina tu. "Matumizi ya maji yalipanda Machi, bomba la uani lilipoanza kuvuja" ni maelezo.

Usidhani pia kwamba alama zinajisomea. Kwenye madebe ya kemikali kuna alama za kimataifa zenye umbo la almasi na ukingo mwekundu. Moto peke yake maana yake kitu kinachoshika moto. Moto juu ya duara maana yake kitu kinachochochea moto wa vitu vingine, hata kama chenyewe hakiungui. Hakuna anayezaliwa akijua tofauti hiyo, kwa hiyo andika maneno chini yake. Vivyo hivyo picha za hatua. Pwani hii kuna wazee ambao herufi zao za kwanza zilikuwa za Kiarabu, na jicho lao limezoea kuanzia kulia. Ukipanga picha nne mstari mmoja, ziwekee namba.

Kabla ya kubandika, mpe mtu mmoja ambaye hakuwepo wakati unachora. Usimuulize kama ameelewa. Kwetu mtu atasema ndiyo, kwa adabu tu. Muulize anaona nini, au mpe kazi aifanye, nawe unyamaze. Mara ya mwisho nilimpa fundi kijana mchoro wa kubadilisha vali ya pampu. Aliushika, akaugeuza juu chini, akasogea hatua mbili, akaugeuza tena. "Dada, wewe ulikuwa umesimama wapi ulipochora hii?" Nilikuwa nimesimama mlangoni. Pampu hufunguliwa kutoka upande wa ukutani. Jioni ile nilienda nikasimama ukutani, nikachora upya.